Mandvi, Forodhani ya Ng'ambo

Babu yangu alikuwa hamali bandarini Malindi, Unguja, na kusoma hakujua. Lakini kulikuwa na neno moja alilolitambua kwa macho, kama mfugaji anavyoitambua alama ya ng'ombe wake: MANDVI. Liliandikwa kwa rangi nyeupe kwenye tezi za majahazi yaliyoingia na Kaskazi, chini ya jina la chombo. Akirudi nyumbani jioni, mabega yamechubuka kwa vigae, alimwambia bibi, "Mandavi imeingia leo." Mimi nilidhani Mandavi ni jahazi moja lenye nguvu za ajabu, linaloingia mara nne katika msimu mmoja, kila mara na nahodha mwingine. Nilikuwa mtu mzima nilipojua kuwa ni mji.

Mji huo uko Kutch, nchi ambayo wazee wetu waliiita Kachi, kwenye pembe ya magharibi kabisa ya India, ndani ya jimbo la Gujarat, pale mto Rukmavati unapoingia baharini. Wakati wa babu, kutoka kule hadi kwetu ulitosha upepo mmoja. Kaskazi ikishika, kotia zilipandisha tanga zikashuka na pwani na nguo, kaniki na vigae vyao. Kusi ikigeuka, zikarudi na karafuu, boriti, sandarusi na pembe za ndovu. Abiria alipanda chombo kimoja na kushuka kwenye hicho hicho. Mimi, Januari iliyopita, nilihitaji ndege mbili, treni, basi na bajaji. Nilitaka kuuona mji ambao njia yake kuu ilikuwa mlango wetu, na kujua unaishi vipi baada ya njia kuhama.

Ndege ya pili ilichelewa kwa saa saba, nikafika Mumbai treni yangu imekwishaondoka. Usiku ule niliulala kwenye kituo cha Bandra Terminus juu ya gazeti, kati ya familia za Kikutchi zilizokuwa zikirudi kwao kwa harusi, na kina mama wale walinilisha tangu magharibi hadi asubuhi bila kuniuliza kama nina njaa. Jioni ya pili nikapanda Kutch Express, kitanda cha juu, pua karibu na feni. Surat, Vadodara na Ahmedabad nilizisikia tu usingizini, kwa sauti za wauza chai.

Nilishuka kitandani alfajiri kwa sababu kelele za magurudumu zilibadilika. Tulikuwa juu ya daraja la Surajbari, na kulia na kushoto hapakuwa na shamba wala mti. Palikuwa na chumvi. Chumvi imerundikwa vilima vilima, nyeupe, na nyuma yake tope lililopasuka hadi upeo wa macho. Hii ndiyo Rann, jangwa la chumvi linalojaa maji msimu wa mvua na kuifanya Kutch karibu kuwa kisiwa. Wenyewe husema nchi yao ina umbo la kobe, na kobe kwa lugha yao jina lake linakaribiana na jina la nchi. Ni wilaya kubwa kuliko zote India, kilomita za mraba 45,674. Unguja ingeingia ndani yake zaidi ya mara ishirini. Nikiitazama ile chumvi nilielewa kwa nini watu hawa walitujia sisi. Nyuma yao jangwa, mbele yao bahari. Kwa mtu wa Kutch safari za maji zilikuwa nyepesi kuliko za nchi kavu.

Na hata maji hawakuwa na hakika nayo. Tarehe 16 Juni 1819 tetemeko la ardhi liliinua ukuta wa udongo huko kaskazini, watu wakauita Allah Bund, Boma la Mungu, na tawi la mto Indus lililokuwa likipita mji wa Lakhpat likakatwa. Lakhpat ilikuwa bandari tajiri. Maji yalipohama, biashara ikahama, watu wakafuata. Miaka minne baadaye, mwaka 1823, katika mji huo uliokuwa ukikauka alizaliwa mtoto wa Kikhoja aliyeitwa Tharia Topan. Aliondoka akiwa bado kijana mdogo, akafika Unguja, akafa mwaka 1891 akiwa Sir Tharia Topan, mmoja wa matajiri wakubwa wa Afrika Mashariki. Kila Mzanzibari amepita mbele ya jengo lake pale pwani, lile la roshani za mbao zilizochongwa kama lesi, tunaloliita Dispensari ya Zamani. Mimi nimelipita maisha yangu yote. Sikuwahi kufikiri kwamba lilianzia kwenye mto uliohama.

Treni ilisimama Gandhidham, mji uliojengwa kwa ajili ya wakimbizi Wahindu wa Sindh baada ya India na Pakistan kugawanyika mwaka 1947, kisha Anjar, kisha ikaishia Bhuj.

Bhuj ndio mji mkuu wa Kutch tangu mtawala wake, Rao Khengarji wa Kwanza, alipouchagua mwaka 1549. Ukiwa na siku moja tu, itumie Aina Mahal, Kasri la Vioo. Lilijengwa karne ya 18 kwa amri ya Rao Lakhpatji na fundi wake Ram Singh Malam. Habari za mtu huyu husimuliwa hivi: alikuwa baharia kijana, chombo chake kikazama katika safari ya Afrika, meli ya Waholanzi ikamwokoa na kumpeleka Uholanzi. Akakaa huko miaka kama 18, akajifunza kutengeneza saa, vigae vya rangi na vioo. Aliporudi kwao hakuna aliyejua la kufanya na ujuzi ule mpaka Rao alipomwita. Ndani ya kasri kuna ukumbi ambao sakafu yake ni bwawa, na katikati ya bwawa jukwaa la Rao kukaa akisikiliza muziki, maji yakirushwa juu na mishumaa iking'ara kwenye vioo vya kutani. Vigae vya sakafu nyingine ni vya buluu na nyeupe, vya mtindo wa Kiholanzi. Sehemu ya juu ya jengo iliporomoka katika tetemeko la mwaka 2001, na nyufa bado zinaonekana.

Neno *malam* lilinisimamisha. Kule Kutch malam ni cheo cha mwongoza chombo, yule anayejua nyota. Ni mwalimu wetu huyo huyo, kutoka Kiarabu kile kile. Sisi tukampeleka darasani, wao wakamwacha baharini. Malam walikuwa na vitabu vyao vya mkono, pothi, walimoandika nyota, vina na sura za pwani, ili nahodha akiona kilima fulani ajue yuko wapi. Na Kutch wanaye malam mmoja ambaye hawakubali apokonywe. Mwaka 1498 Vasco da Gama alipewa rubani Malindi ya Kenya, akamvusha hadi Calicut. Sisi tulifundishwa shuleni kwamba alikuwa Ahmad ibn Majid. Wakutchi wanasema ni Kanji Malam, mtu wao. Ibn Majid leo wanahistoria wengi wamemwondoa katika kisa hicho, na baadhi ya maandishi ya Kireno yanamtaja rubani huyo kuwa Mgujarati. Jina la Kanji siwezi kuliapia. Lakini kwamba mwaka huo palikuwa na Mgujarati Malindi anayeijua njia ya kurudi kwao kama anavyoijua njia ya msikitini au hekaluni, hilo halinishangazi hata kidogo.

Tetemeko lile la 2001 lazima nilitaje, kwa sababu hakuna mtu Bhuj anayekueleza njia ya mahali popote bila kulitaja: "hapo palipokuwa na…", "kabla ya tetemeko palikuwa…". Ilikuwa tarehe 26 Januari, Siku ya Jamhuri, karibu saa tatu asubuhi. Watu wapatao 20,000 walikufa. Pale Anjar, watoto wa shule walikuwa kwenye maandamano ya sherehe, wakipita katika kichochoro chembamba, nyumba za pande zote mbili zikawaangukia. Wana kumbukumbu yao sasa mjini humo, na picha za nyuso zao. Nilitembelea ile kubwa ya Bhuj, Smritivan, kwenye kilima cha Bhujiyo, mahali palipopandwa miti kwa maelfu. Nilipanda nusu ya kilima, nikakaa. Sikuweza kuendelea siku ile.

Kuna kiwanja cha ndege Bhuj, na ndege za Mumbai hutua, ila njia yake ya kurukia ina historia inayostahili kusimuliwa kwa sauti. Desemba 1971, katika vita na Pakistan, mabomu yaliichimba. Mafundi hawakuwapo wa kutosha. Wanawake wapatao 300, wengi wao wa kijiji jirani cha Madhapar, walitoka majumbani mwao, wakabeba mawe na zege, wakajificha vichakani king'ora kilipolia, wakarudi kazini kilipotulia, na ndani ya saa 72 ndege za kivita zikaruka tena.

Madhapar, Baladia, Sukhpar, Kera: majina haya mkazi wa Nairobi huenda akayajua vizuri kuliko mkazi wa Delhi. Ndivyo vijiji vya Wapatel wa Kutch, waashi na wajenzi waliokwenda Kenya na Uganda, na baadaye Uingereza. Nilikwenda Kera, kilomita ishirini na kitu kusini mwa Bhuj, kwa sababu ya mtu mmoja: Allidina Visram alizaliwa hapo mwaka 1851. Alivuka bahari akiwa na miaka 12, akafanya kazi chini ya Sewa Haji Paroo wa Bagamoyo, ambaye jina lake Watanzania hulitaja kila wanapompeleka mgonjwa Muhimbili, kwa sababu wodi ya Sewahaji inakumbusha hospitali aliyoitolea fedha kabla hajafa mwaka 1897. Allidina alipoanza kusimama mwenyewe alifungua maduka kufuata njia za misafara, kisha kufuata reli ya Uganda, Mombasa hadi Kampala na kupita. Mombasa shule yenye jina lake ingali inafundisha. Kera kwenyewe nilikuta nyumba nzuri za ghorofa zenye makufuli makubwa. Wenyewe wako London. Wenyewe wako Nairobi.

Nyumba moja haikuwa na kufuli. Kijana wa dukani alinipeleka kwa bibi yake, akisema ameishi Nairobi miaka arobaini. Nikamwamkia, "Shikamoo, bibi." Hakujua la kujibu. Akanitazama, akafikiri, akasema, "Jambo." Kisha Kiswahili chake kikatoka, na chote kilikuwa amri: Leta maji. Funga mlango. Chukua fagio. Weka sufuria. Kata na kisu. Alikijifunza jikoni, akiwaambia wengine wafanye nini, na kwa miaka arobaini hakuna aliyemwamkia kwa namna ambayo angehitaji kujibu marahaba. Niliona uzito wa jambo hilo, na nadhani naye aliuona, maana alinyamaza kidogo akitafuta maneno mengine na hakuyapata. Basi akatumia aliyokuwa nayo. "Kaa," akaniambia, akivuta kiti. "Kunywa chai. Kula. Kula tena." Nilipoaga alinishika mkono na kusema, "Njoo. Njoo tena." Hakuna mtu aliyewahi kuniamuru kwa upole kama ule.

Kutoka Bhuj hadi Mandvi ni kilomita kama sitini, na njia pekee ya umma ni barabara. Basi lilijaa. Tulipita mashamba ya pamba, minazi michache ya kushangaza katika ukame ule, na kadiri bahari ilivyokaribia, mitambo ya umeme wa upepo ikizungusha mabawa yake taratibu. Upepo uliokuwa ukisukuma matanga hadi Unguja sasa unawasha taa.

Mandvi ni mji mdogo, watu zaidi ya 50,000 kwa sensa ya mwaka 2011. Ulianzishwa karne ya 16 na Khengarji yule yule wa Bhuj. Nilishuka kituoni na kabla sijaweka begi chini nikala dabeli: mkate mdogo wa duara uliojazwa viazi vyenye viungo, karanga za kukaanga, komamanga na ukwaju. Inasimuliwa kwamba ilianzia hapa hapa katika miaka ya 1960. Ulimi wangu ulikwenda moja kwa moja Forodhani, kwenye bakuli la urojo.

Na hapo ndipo nilipogundua jambo ambalo lingenifaa zaidi kama ningelijua tangu utotoni. Wapo wanaosema jina Mandvi limetokana na mtawa wa kale aitwaye Mandavya. Lakini mandvi, kwa Kigujarati, ni mahali pa kutozea ushuru wa bidhaa. Ni forodha. Mji wa babu na Forodhani, bustani yetu ya jioni, vina jina moja.

Si jina tu. Sultani Seyyid Said alipoifanya Unguja makao yake katika karne ya 19, hakukusanya ushuru mwenyewe. Alikodisha forodha, na aliyeikodi ni nyumba ya Jairam Shivji, Mbhatia aliyetoka Mundra, mwendo mfupi tu mashariki ya Mandvi. Isipokuwa miaka michache ambayo Tharia Topan aliishika, nyumba hiyo ilishika forodha ya Unguja tangu miaka ya 1830 hadi 1880 na ushei. Kila frasila ya karafuu, kila pembe, kila mzigo wa nguo ulipita mikononi mwa karani wa Kikutchi. Sultani mwenyewe alikuwa mdeni wao. Pembe nyingi zilishushwa Mandvi, mafundi wakazikata bangili za maharusi. Nikitembea katika mitaa ya mji wa kale, kati ya nyumba zenye roshani za mbao na milango mizito iliyotiwa nakshi, nyingine zimeegemea kama wazee waliochoka, nilijua ninaangalia nyumba zilizojengwa kwa ndovu wa Tabora na Maniema.

Hapa sitaki kupita haraka, maana bidhaa iliyopita forodhani haikuwa ndovu na karafuu tu. Mwaka 1860 balozi wa Uingereza Unguja, Christopher Rigby, aliwaachia huru maelfu ya watumwa waliomilikiwa na Wahindi, Wakutchi miongoni mwao. Mwaka 1869 Rao wa Kutch alitoa tangazo kuwaonya raia wake walio Unguja waachane na biashara ya watu. Tangazo halitolewi pasipo na jambo. Vibao vya Mandvi nilivyovisoma vinazungumza kwa fahari juu ya mabaharia na matajiri. Juu ya waliosafirishwa kwa nguvu sikuona hata mstari mmoja, na nililitafuta hilo kwa makusudi.

Lakini vizazi vyao vipo. Siku mbili kabla, Alhamisi jioni, Bhuj, niliambiwa kwamba kwenye kaburi la walii fulani Masidi watapiga ngoma. Masidi ni Wahindi wenye asili ya Afrika; Gujarat ina maelfu yao, wengi Waislamu, na jamaa zao wa Kutch wanajulikana kwa uchezaji. Walipoanza kupasha moto ngoma zao kwa nyasi zinazowaka, mwili wangu ulijua kabla ya akili yangu. Uchezaji wao wanauita goma. Ngoma yao moja inaitwa musindo. Mpigaji, mtu wa makamo mwenye ndevu za kijivu, nilizungumza naye kwa Kihindi changu cha sinema, kile tulichojifunza watoto wa Mji Mkongwe kwa tiketi za bei rahisi. Nikamwambia neno lao ni letu: ngoma, msondo. Akalirudia msondo polepole, akilijaribu. Akaniuliza natoka wapi hasa. Nikasema Zanzibar. Hakuelewa. Nikasema neno ambalo Wagujarati walitumia tangu zamani: Jangbar. Akageuka akawaambia wenzake, na mmoja, kijana, akaacha kupiga akanitazama usoni kwa muda mrefu, kama mtu anayetafuta jina la jirani wa zamani. Hakuna aliyejua babu zao walipandishwa chombo wapi. Sikuwa na jibu la kuwapa. Tulicheza.

Mtu ambaye Mandvi inamtangaza kuliko wote ni Shyamji Krishna Varma. Alizaliwa hapa tarehe 4 Oktoba 1857, mtoto wa kibarua wa kiwanda cha kushindilia pamba, akawa bingwa wa Kisanskriti hadi akaitwa Oxford. Angeweza kutosheka na uwakili na uwaziri katika falme ndogo za India, kazi alizozifanya kwa muda. Badala yake, mwaka 1905, alifungua London nyumba ya wanafunzi wa Kihindi, India House, na gazeti, akidai waziwazi Waingereza waondoke. Ilibidi akimbilie Paris, kisha Geneva, akafia huko mwaka 1930. Alikuwa amelipa mapema ili majivu yake na ya mkewe Bhanumati yatunzwe mpaka nchi yake iwe huru. Uhuru ulikuja mwaka 1947. Majivu yalibaki Geneva miaka mingine 56. Yalirudi mwaka 2003, na mwaka 2010 ilifunguliwa kumbukumbu nje ya mji, Kranti Teerth, ambayo jengo lake kuu ni nakala ya ile nyumba ya London, matofali mekundu na madirisha ya Kiingereza, chini ya jua la Kutch. Nilisimama mbele ya vyungu viwili vya majivu nikifikiri kwamba katika mji huu, ambao mabaharia wake walikwenda na kurudi na misimu, mwanawe aliyesoma kuliko wote ndiye aliyechelewa kurudi kuliko wote.

Vijay Vilas, kasri la ufukweni lililojengwa miaka ya 1920, nililiona kwa nusu saa. Wapenzi wa filamu ya Hum Dil De Chuke Sanam watalitambua. Mimi nilikuwa na haraka ya kwenda mtoni.

Lakini kwanza ile habari ya njia. Rao Khengarji wa Tatu, aliyetawala hadi mwaka 1942, alijenga reli nyembamba ya Kutch: kutoka bandari ndogo ya Tuna hadi Anjar mwaka 1905, hadi Bhuj mwaka 1908, na mwishoni ikaunganishwa na gati jipya la Kandla. Mandvi, iliyokuwa bandari yake kubwa, haikupata reli. Mto wake una kina kidogo na mchanga mdomoni. Kotia ilipita na maji makubwa, lakini meli za mvuke zilitia nanga nje, abiria na mizigo wakaletwa kwa mashua. Nchi ilipogawanyika na Karachi ikabaki Pakistan, serikali ya India ilihitaji bandari mpya ya magharibi, ikaikuza Kandla, ikawa bandari kuu mwaka 1955. Halafu Mundra, mji wa Jairam Shivji: tangu mwaka 1998 kuna bandari mpya pale, leo kubwa kupita zote za India zinazoendeshwa na kampuni binafsi. Usiku, ufukweni Mandvi, niliziona taa za meli zilizokuwa zikingoja zamu ya kuingia Mundra. Hakuna hata moja iliyokuwa ikielekea kwetu kwa sababu ya upepo. Na tangu Septemba 2024 treni mpya ya mwendo wa haraka inakwenda Ahmedabad na kurudi, lakini nayo inaishia Bhuj. Mandvi bado inangoja basi.

Ndipo nilipokwenda kwenye kingo za Rukmavati, nikaelewa kwa nini mji haukufa.

Majahazi yamesimama mtoni, ya mbao, makubwa kuliko yoyote niliyoyaona utotoni, mengine mbavu tupu, mengine karibu kumalizika. Mafundi wanayajenga hapo hapo kwenye tope, nje, bila paa. Niliutambua kila ungo wa vyombo vile: mkuku, mataruma, omo, tezi. Mbao nene zinatoka mbali, nyingi Malaysia, na chombo kimoja huchukua miaka miwili au zaidi. Vijana walikuwa wakikalafati, wakisindilia pamba iliyolowekwa mafuta kati ya mbao kwa patasi na nyundo, sauti kavu ya tok, tok, tok niliyoamka nayo miaka yangu yote ya utoto. Matanga hayapo tena. Vyombo hivi hupewa injini Ghuba au hapa hapa. Lakini njia ni ile ile kwa sehemu: Dubai, na bandari za Yemen na Somalia ambazo meli za makontena huziona ndogo au za hatari. Jahazi la Mandvi linaingia pale ambapo meli kubwa haikubali kuingia. Hiyo ndiyo kazi liliyobaki nayo, na linaifanya.

Fundi mkuu aliniuliza natoka wapi. Safari hii nilianza na Jangbar. Akasema babu yake alikwenda mara nyingi, na kwamba alirudi akisifia maji ya kunywa. Nikamwambia wangu alikuwa akipakua mizigo yao. Akacheka, akaniuliza kama alilipwa vizuri. Nikasema hapana. Akatikisa kichwa, akasema hata babu yake hapana, tajiri alikuwa mwingine. Kisha akaninunulia chai.

Kwenye chombo kilichokaribia kumalizika, mchoraji alikuwa amening'inia kwa kamba nyuma ya tezi, kikopo cha rangi nyeupe kiunoni. Jina la jahazi alikwishaliandika kwa Kigujarati na kwa herufi za Kilatini. Chini yake alikuwa ameanza lingine, amefika M, A, N, kila herufi na upana wa mikono miwili, akiifuata kwa brashi bila kuchora mistari kwanza. Upepo ulikuwa unatoka baharini na kukausha rangi haraka, ikabidi aharakishe. Nilitafuta gogo, nikakaa, nikamngoja amalize.